Hakuna Njiti Ndani ya Maji

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini umri umekataa kunipa ruhusa hiyo. Nilikuwa mwalimu mpya wa kemia hapa Tabora, kijana mwenye sauti kubwa. Nilikuwa nimewaonyesha kidato cha tatu modeli ya molekuli ya maji: vidonge vya udongo vilivyounganishwa kwa njiti. Kisha nikawapa jaribio, waeleze molekuli hiyo ikoje.

Karibu wote waliandika habari za vidonge na njiti. Nikawapa alama zote. Nyamizi, binti wa mrina asali wa Sikonge, aliandika: "Ndani ya maji hakuna njiti. Njiti zinatusaidia kufikiri tu." Nikampa sifuri, tena nikalisoma jibu lake mbele ya wenzake. Wakacheka.

Mzee Kasanda, mwalimu wa taaluma, Mungu amrehemu, alizipitia zile karatasi. Akaja darasani, akamuuliza mmoja wa wale niliowasifu, "Kwenye maji tunayokunywa, njiti ziko wapi?"

"Zimo, mwalimu, ila ni ndogo mno."

Mzee akanitoa nje. "Umepima kukariri," akaniambia taratibu. "Aliyeelewa umempa sifuri. Kamwombe radhi, mbele ya haohao waliocheka."

Nikaona aibu. Mwalimu mzima! Nikasema kesho, nikasema wiki ijayo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilipopata ujasiri, Nyamizi alikwishahamia mchepuo wa sanaa. Nikamrekebishia alama tu, bila kumwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema, "Ahsante, mwalimu," na maabara hakurudi.

Juzi nilimkuta sokoni, mama mtu mzima, muuza vitenge. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Kemia unaikumbuka?"

Akatabasamu. "Miaka yote nilijua mimi ni mjinga wa kemia."

Nilirudi nyumbani, mwanangu, na sijapumzika tangu hapo.

Sasa wewe ndiye unayeshika chaki. Usimpime mtoto kwa kurudisha ulichomwambia. Muulize modeli inafaa wapi, na inadanganya wapi. Akikupa jibu lisilokuwamo kwenye mwongozo wako, msikilize kwanza, hata kama umechoka, na utachoka. Ukimkosea, omba radhi siku hiyohiyo. Mungu akujalie subira, akupe wanafunzi wenye kukubishia, na uzee wenye usingizi mtamu kuliko wangu.