Uchumba wa Langoni

Kanisani kwetu hapa Garissa huingii bila kupekuliwa. Mwanaume hupekuliwa na mwanaume, mwanamke na mwanamke. Mimi ndiye nilikuwa wa wanawake. Kazi hiyo nilipewa baada ya guruneti kulipuka nje ya ua na kuniachia vipande vya chuma mguuni. Mchungaji alisema mtu aliyeonja hatari ana macho zaidi. Mimi naona hakupata mwingine wa kukubali.

Upande wa wanaume alisimama fundi wa pampu za visima. Wiki nzima yuko Modogashe, Jumapili yuko langoni. Kabla watu hawajafika lazima tujaribu kile kimashine cha kugundua chuma, na wa kujaribiwa ni mimi, kwa sababu mguu wangu haukosi kukiliza. Alikipitisha kwa mbali, hakunigusa hata siku moja. Kikilia anasema, "Leo tena kimekusalimia kabla yangu."

Nami nacheka. Mjane mzima nacheka kama mtoto wa shule.

Mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia ng'ambo ya barabara alituona kabla sisi wenyewe hatujajiona. "Abaayo, dada yangu," akaniambia kwa ulimi wake usiojua "p", "huyu mwanaume kila Jumabili anabima mguu yako. Mahari atabima lini?"

"Huyo ni ndugu yangu katika Bwana."

"Mimi niko na ndugu sita. Hakuna hata moja ananichekea hivyo."

Mama mchungaji alikuwa akituazima vijitabu vya mapenzi ya waliookoka. Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari. Humo msichana anafunga na kuomba, halafu mwanaume mwenye kazi nzuri anatokea na Biblia kwapani. Sikukuta hata mmoja mwenye chuma mguuni. Wala sikukuta anayechumbiwa huku anafungua mikoba ya watu na mahubiri yanamfikia kwa spika. Lakini niliviamini. Niseme ukweli, niliviamini sana.

Basi Jumapili moja fundi aliacha mzaha. "Nataka kwenda kwa kamati ya ndoa nikutaje," akasema. Kwetu huoi bila kupita kwa kamati hiyo. Nikamwambia aende.

Tuliitwa wote wawili. Watu walioniharibia nitawataja, si kwa majina. Mji ni mdogo na wanajijua. Mama mchungaji alianza. "Uchumba wa langoni si uchumba. Mkiwa mnachekeana, mtu si ataingia na bomu?"

"Ameingia nani?" nikauliza.

Mzee wa kanisa, yule mwenye duka la mabati, akasema fundi hajawahi kuoa, kwa hivyo anahitaji mwanamke mzima. Alisema akiuangalia mguu wangu. Mguu nilioumia nikienda kwenye ibada yao.

Halafu mchungaji akafumba macho. Akasema ameonyeshwa katika maombi mke wa fundi, naye ni dada fulani wa kwaya. Dada huyo ni mtoto wa dada yake mchungaji. Mungu alipotaka kuonyesha, alipita nyumba zote akasimama kwa ukoo wa mchungaji.

Nikamgeukia fundi. Neno moja tu lingetosha. Akakunja kofia yake mkononi, akakunja tena. "Kama ni mapenzi ya Mungu," akasema.

Hao wengine nikiomba huwa najaribu kuwasamehe. Yeye bado.

Siku ya harusi walinituma langoni kama kawaida. Bibi harusi nilimpekua taratibu, nisimharibie shela. Hana kosa, ni mtoto. Bwana harusi alikuja nyuma, na upande wa wanaume hapakuwa na mtu, maana mtu mwenyewe ni yeye. Akasimama mbele yangu, akainua mikono.

"Mimi ni wa wanawake," nikamwambia. Nikavuta lango.

Wimbo wa kumwingiza ukaanza, ukaisha, ukaanza upya. Mama mchungaji akatoka mbio. "Mwache apite, wewe. Si unamjua?"

"Nilidhani namjua."

Ikabidi askari aitwe kutoka barabarani, akampapasa mifuko mbele ya wageni wote, ndipo akaingia. Kimashine nikakiweka juu ya kiti nikaenda zangu. Jumapili iliyofuata walituma mtu kuniuliza mbona lango halina mwanamke. Nikamjibu bi harusi yupo, ana mikono miwili.