Mlango Mweusi Uliokwenda Moba

Kila asubuhi, kabla sijafungua macho, nilikuwa nimekwisha kuisikia mashine ya Papa. Ilikuwa na pumzi mbili: ya kwanza ndefu, ya chuma kinachojikokota, na ya pili fupi, kama mtu anayebusu shavu la mtoto aliyelala, haraka, asije akamwamsha. Katikati ya pumzi hizo nilisikia mguu wa Papa ukikanyaga ubao, kwa sababu mashine ile haikujua umeme, ilikula mguu na mafuta tu. Mimi nililala nyuma ya pazia, na harufu ya wino na petroli ilinifikia mapema kuliko harufu ya chai. Nje upepo wa ziwa ulileta harufu ya ndakala, wale samaki wadogo, walioanikwa mchangani. Harufu hizo mbili zilikutana mlangoni kwetu wala hazikupatana. Shuleni wenzangu walinijua kwa pua. "Feza anakuja," walisema, "mufungue madirisha!" Sikuwajibu. Sikuwa mtoto wa kujibu. Sasa nina miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa tano wa sekondari, na bado si mtu wa kujibu. Labda ndiyo sababu naandika kila siku. Msimu ninaotaka kuusimulia ni mvua za mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mama alipokuwa kwao Moba, na mimi na Papa tulipokuwa hapa Kalemie, mtaa wa Kataki, tukimngoja.

Papa alikuwa mpiga chapa wa kujitegemea. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha chapa cha mapadri, akipanga herufi za risasi mstari kwa mstari, maneno ya watu wengine kutoka asubuhi hadi jioni. Lakini mikono yake ilitaka picha. Nyumbani alichonga vibao: wanawake wakigeuza samaki juani, winchi za bandari zikiinama, mto Lukuga ukitoka ziwani kama mtu anayeondoka bila kuaga. Mapadri walipotaka kuitupa mashine yao ndogo ya zamani, Papa aliiomba, akaacha kazi, akaileta nyumbani juu ya magogo pamoja na makuli wanne wa bandari waliokuwa wakiimba. Tangu siku hiyo alichapa kalenda zenye picha zake, kadi za ndoa, vyeti vya ubatizo. Herufi zake zilitengenezwa Ulaya, na huko hawana kazi kubwa na K wala W, basi walitia chache tu kisandukuni. Huku kwetu, bwana arusi akiwa Kabwe na bibi arusi Kakudji, K zinakwisha kabla wazazi hawajatajwa. Papa alizichonga nyingine kwa mti. K yake ilikuwa na mguu mmoja mrefu, kama mtu anayeruka dimbwi, na watu walikuja kuipenda. Wengine walisema kabisa, "Papa Feza, mimi nataka ile K yako yenye kutembea."

Hata hivyo, bugali wetu haukutoka kwenye picha wala kwenye ndoa. Ulitoka kwa wafu. Mtu akifa Kalemie, na jamaa zake wako Moba au Mpala au huko juu Pepa kwenye ng'ombe, ilichapwa karatasi ya msiba yenye fremu nene nyeusi, ikapelekwa kwa boti au kwa lori. Katekista aliisoma watu wakishakaa. Vijiji vingi vya kando ya ziwa havikuwahi kupokea kitu kingine chochote cha chapa. Haikupita wiki bila Papa kufunga ile fremu katika mashine, kimyakimya, na kukanyaga.

Shida ni kwamba mashine iliwekwa katika chumba cha wageni, kwa kuwa hakukuwa na chumba kingine chenye sakafu ya saruji. Ilikijaza chumba kama ng'ombe aliyeingia kanisani. Jirani yetu Mama Sifa, mwanamke mwenye mdomo, aliita mashine "Bibi Mukubwa", kana kwamba ni mke wa kwanza wa Papa. Alipita dirishani na kupaza sauti, "Mama Feza, mwenzako ameamuka? Amekwisha kunywa mafuta yake?" Mwanzoni Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye alicheka kidogo. Baadaye alifunga dirisha. Wageni wake aliwapokea jikoni, nyuma, juu ya vigoda, moshi ukiwaingia machoni, na yeye alikuwa mwanamke aliyependa wageni. Halafu Nkambo, mama yake, alikuja kutoka Moba kututazama. Hakukuwa na mahali pa kumlaza ila chini ya mashine, kichwa chake karibu na ule ubao wa kukanyagia. Asubuhi kitambaa chake cheupe cha kanisani kilikuwa na baka la wino. Nkambo hakusema kitu. Alikikunja, upande wenye wino ukiwa ndani, akaomba maji ya kunawa. Nadhani Mama angevumilia matusi. Kile kimya hakukivumilia.

Alipoondoka pamoja na Nkambo, mimi niliachwa kwa sababu ya masomo. Alimwambia Papa maneno ambayo niliyasikia vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kikapu chake: "Siku huyu Bibi Mukubwa wako atatoka katika chumba cha wageni, unitumie habari. Nitakuja siku hiyohiyo." Papa aliitikia kwa kichwa. Mama alinifunga vifungo vya shati langu, ambavyo vilikuwa vimekwisha kufungwa, akapanda boti.

Basi nikaanza kungoja mashine itoke. Nikirudi kutoka shule sikutazama uso wa Papa kwanza. Nilitazama chini ya pazia la mlango, kama miguu ya chuma bado iko. Ilikuwako. Nilipika bugali ukawa na mabuje, tukala tukitazamana, halafu Papa akageuza shingo kidogo kidogo kuelekea mashine, kama mtu anayeitwa. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa na maneno pia. Nyumba za jirani zilikuwa na kelele za watoto, redio, watu wakigombea maji. Kwetu zilikuwako zile pumzi mbili tu, na mvua juu ya mabati. Siku moja nilijipa moyo nikauliza, "Papa, haiwezi kukaa nje, chini ya turubai?" Alikuwa akipangusa rola ya wino. Akasema polepole, "Feza, nikiiweka nje mvua itaikula. Nikiiuza, mimi nitakuwa nani?" Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitaka kusema, utakuwa Papa. Lakini nilinyamaza, kwa sababu kwa sisi wawili kunyamaza ndiko kulikuwa rahisi.

Kwetu, mwanamke akirudi kwao, mwanamume anamfuata mwenyewe, au anamtuma mkubwa wa ukoo. Anakaa chini, anagombezwa na mashemeji, analeta mbuzi, anagombezwa tena, ndipo wanazungumza. Papa aliogopa hilo kuliko kitu chochote. Mbele ya watu ulimi wake ulikuwa mzito. Alipoulizwa jina lake ofisini kwa sitwayeni kamisheri, mkuu wa serikali, alilitaja kama mtu anayekiri kosa. Akaamua kumfuata Mama kwa njia anayoiweza. Akachukua kibao kizuri cha mninga alichokuwa akikitunza, akachonga. Alichonga mlango wa nyumba yetu. Hakuchora mtu wala mti, mlango tu: miimo minene pande mbili, kizingiti juu na chini, na katikati nafasi nyeupe, kubwa, tulivu. Ndani ya nafasi hiyo alipanga maneno machache: MAMA FEZA, MLANGO NI WAKO. Chini yake jina lake, KABWE, kwa herufi kubwa, na ile K yenye kutembea ikiinua mguu kuelekea kizingiti. Alitaka mlango uwe mwekundu kama udongo wetu. Wino mwekundu ulikuwa umeagizwa Lubumbashi, na treni ya Kabalo haikufika, na haikufika tena. Alichoka kungoja. Akauchapa kwa wino mweusi uliokuwako. Aliinua karatasi kwa pembe mbili, akanionyesha, na nakumbuka nilisikia baridi mikononi kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Papa alitabasamu. Tulikuwa tumeishi na zile fremu za msiba miaka mizima, tukizifunga, tukizisafisha, na hakuna kati yetu aliyeona tulichokuwa tumeshika. Sisi tuliona mlango. Papa alimpa dereva wa boti ya Moba karatasi ile imekunjwa mara moja, akasema, "Kwa shemeji yangu Kalunga, ampe dada yake."

Siku iliyofuata niliswaki, nikafagia, nikaendelea kungoja. Kisha asubuhi moja, nikiosha sufuria uani, nilisikia kilio kikipanda kutoka ufukweni. Kilio cha msiba mtu hakikosei. Kilikuja mtaani kwetu, kikapita kwa Mama Sifa, kikasimama kwetu. Nilikimbia mbele. Mama alikuwa mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, nywele zimefumuliwa, miguu mitupu ina mchanga hadi magotini, na nyuma yake Mujomba Kalunga katika abakosi yake, koti la heshima, na wanawake wawili wa Moba wakijitupa chini. "Kabwe! Kabwe wangu! Umeniachia nani?" Majirani walikuwa wamekwisha kufika na mikeka, kila mmoja akimwuliza mwenzake ni nani aliyekufa. Ndipo pumzi ya mashine ikakatika katikati, pazia likafunguka, na Papa akatoka na aproni yake, mikono myeusi hadi viwiko, kalamu sikioni.

Mwanamke mmoja wa Moba alikimbia hadi barabarani. Mama alimtazama Papa kuanzia miguuni, kama anayepima. "Wewe iko muzima?" akauliza.

"Iko muzima," Papa akajibu, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekosea kuwa hivyo.

Mama Sifa ndiye aliyedakia: "Papa Feza, watu wengine wanangoja kufa kwanza ndio waliliwe! Weye umelipwa mbele!" Ua mzima ukacheka, kicheko kile cha watu waliokwisha kuogopa, na Mama pia akacheka, machozi bado yakishuka, akampiga Papa kifuani kwa ngumi mbili, pa, pa. Nilidhani basi, yamekwisha, amekuja. Nilikuwa nimekwisha kushika kikapu chake.

Mujomba Kalunga hakucheka. "Nani basi alituma karatasi ya fremu nyeusi?" Akaitoa mfukoni mwa abakosi, bado imekunjwa. Dereva alimpa ufukweni, boti ikiwa inageuza kurudi. Aliona weusi, akaona jina la Kabwe, akaikunja palepale. "Karatasi ya msiba haisomwi njiani," alisema. "Inasomwa nyumbani, watu wakikaa. Nikamwita dada yangu, tukapanda." Mama alinyoosha mkono, akaichukua, akaifungua, na kwa mara ya kwanza akaisoma. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno yale yalivyokuwa. Nilimwona akipitisha kidole juu ya mwimo mmoja wa mlango, taratibu, na nilijua ameelewa ni nini. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Tulimfuata hadi pazia. Mashine ilikuwa palepale, na karatasi za mtu mwingine aliyefariki zikining'inia kwenye kamba zikikauka.

"Mulango umeuchora vizuri," Mama alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Lakini nitapita wapi, Papa Feza?"

Papa alifungua mdomo. Kila mtu alimngoja. Leo hii bado namngoja, nikikumbuka, aseme neno lolote: nitaitoa, nipe mwezi, nisaidieni kuisukuma. Wanaume walikuwa wamejaa uani, makuli wa bandari, mabega mapana, hata kamba ingepatikana. Papa alitazama mashine, akamtazama Mama, akapangusa mikono kwenye aproni, akapangusa tena. Mama alinywa chai jikoni, juu ya kigoda. Alinisuka nywele, mistari imenyooka, akikaza sana. Mujomba alisema si vizuri mwanamke aliyekwisha kumlilia mume wake alale nyumba hiyohiyo kabla wazee hawajakaa. Jioni boti ilikuwa na nafasi, wakaondoka. Karatasi aliichukua.

Wazee walikaa, wakanena, wakachoka. Mvua zikaisha. Mama akalima maharagwe huko juu Marungu, na baada ya miaka miwili akaolewa na mwalimu mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Ninakwenda likizo. Ana wageni wengi, wanakaa vizuri, naye anacheka kama zamani, akishika mbavu. Sijawahi kumwuliza ile karatasi iko wapi.

Mwaka jana Papa alijenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akamwaga saruji mwenyewe, akawaita makuli. Mashine ilitoka kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kupika maharagwe. Hapakuwa na ugumu wowote, ndilo linaloniuma. Alipaka chumba chokaa, akanunua viti vinne na meza yenye kitambaa cha kufumwa, kisha akavaa shati safi, akaenda bandarini, akamtafuta mtu wa Moba, akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Jibu lilirudi baada ya wiki: Mama Feza anashukuru kwa habari, anasalimia, anauliza kama mtoto anakula. Siku hizi ninafanyia masomo yangu katika chumba hicho. Ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Nikisoma kwa sauti, maneno yanagonga ukuta na kunirudia, na kule nyuma mashine inavuta pumzi kwa mbali, huwezi kujua ni ya kwanza au ya pili. Jioni Papa ananawa hadi viwiko, anaingia, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kama mgeni aliyekuja kumsubiri mwenye nyumba. Ananiuliza nimejifunza nini. Ninamwambia. Zamani nilitaka kitu kimoja tu, chumba hiki kiwe kitupu, na sasa kiko kitupu, kisafi, na tuko ndani yake wawili, viti viwili vimebaki bila mtu.