Waziri wa Mihuri

Tangu atoke kifungoni, fundi wa mihuri huitwa "Waziri", naye huitika bila kununa, maana cheo hicho alijichongea mwenyewe. Ukimuuliza, atakuambia kwamba ujinga haukumfuata kwake. Aliufuata yeye kwa miguu yake, tena akawahi kiti cha mbele.

Alikuwa amezungushwa miezi minane kwa leseni ya kibanda chake. Wateja wawili wakamwalika kikaoni, nyuma ya duka la matairi, wakamweleza kuwa serikali yenyewe ni batili, kwa hiyo leseni ya nini? Alifurahi kama mgonjwa aliyeambiwa haumwi. Hakujiuliza kwa nini watu wasioitambua serikali walitaka mihuri mingi kuliko serikali. Walimvika kilemba cha ukoka, wakamfanya waziri. Akachoma kitambulisho chake mbele yao, akajitengenezea kingine chenye cheo chake, na picha aliyoinyolea ndevu.

Dada yake mdogo, karani wa vizazi na vifo, alimsihi aachane nao. Akamjibu kwamba dada ni mtumwa wa mafaili.

Kisha wenzake wakaagiza muhuri wa "Mahakama ya Wananchi: Amehukumiwa". Aliuchonga kwa wembe siku mbili. Nani amehukumiwa, hakuuliza. Waziri mzima aulize maswali?

Wiki iliyofuata dada yake alikuja kibandani, akamwekea karatasi mezani. Juu lilikuwa jina la dada. Ameamriwa aache kazi kabla ya Ijumaa, la sivyo atafuatwa nyumbani. Walioiandika walitaja rangi ya geti lake na saa ambayo wanawe hutoka shule. Chini kabisa, muhuri uliokaa sawasawa.

"Hii K ya mguu mrefu naijua tangu ulipokuwa unaniandikia jina kwenye madaftari," dada alisema. "Polisi wameniuliza ni kazi ya nani. Nimewaambia sijui. Sijawahi kusema uongo kazini, kaka."

Mkuki kwa nguruwe, na fundi mwenyewe ndiye aliyeunoa. Aliona aibu, na hofu kubwa kuliko aibu. Alifunga kibanda, yeye na dada wakawachukua watoto shuleni na kuwapeleka kwa shangazi yao, kisha akaenda kituo cha polisi peke yake.

Ofisa wa zamu alifungua daftari, akaomba kitambulisho. Fundi alijipapasa mifuko yote, ingawa alijua fika kilichomo. Mwishowe akakiweka kwenye kaunta. Ofisa akasoma, akawaita wenzake waje nao wasome.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "keti, uanze mwanzo."

Walicheka wote, naye akacheka huku machozi yakimtoka. Alikuwa amekuja na majina tisa ya kutaja. Lakini la kwanza, la mtu aliyechonga muhuri ule, lilikuwa lake mwenyewe, na aliomba iandikwe kwamba dada yake hakujua ni kazi ya nani.