Uzi wa Koni kwenye Joho la Mama

Mama alipochaguliwa kuongoza wimbo kanisani kwao Makutupora, baada ya miaka mingi ya kuimba mstari wa nyuma, mimi nilipewa kazi moja tu: kumshonesha joho jeupe la kiongozi. Alitaka lishonwe mjini. Nikapeleka kitambaa kwa fundi wa jirani na ninapokaa, Ipagala. Fundi alikuwa amezidiwa na sare za shule, akaniambia nilete uzi mwenyewe.

Nilidhani najua uzi. Nimekulia kwenye nyumba yenye uzi wa kila aina. Kulikuwa na wa magunia ya mtama, mnene, unaopitishwa kwa sindano ya shazia. Kulikuwa na mweusi wa kusukia nywele, ambao mama aliukata kwa meno, na wa kufumia sweta za Juni, upepo wa huku unapouma masikio. Nyuzi hizo hazikuwekwa chombo kimoja. Ukishikiza kifungo kwa uzi wa nywele, ulifumua mbele ya mama na kuanza upya.

Dukani niliomba uzi mweupe wa kushonea. Muuzaji akaniwekea koni kubwa, akasema huo utanifikisha mwakani. Nikauvuta kidogo, ukakatika. Nikajiambia nimevuta kwa nguvu. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali kutwa, lakini pale sikuuliza hata moja. Kumbe ulikuwa uzi wa overloki, ule wa kuzungushia kingo za kitambaa zisichambuke. Kubeba mshono hauwezi. Fundi naye aliuona, akauweka mashineni hivyo hivyo. Nilipomuuliza kama si mwembamba, alijibu bila kuinua kichwa.

"Uzi ni uzi, dada."

Kwaya za kwetu haziimbi zikiwa zimesimama tuli. Mabega hutikiswa, shingo huchezeshwa, na kwenye kiitikio watu huruka. Jumapili ile kiitikio kilipofika mama akarusha mikono juu, na mimi niliyekaa benchi la pili nikaona mshono wa kwapa la kulia ukifumuka mpaka karibu na kiuno. Akabana mikono mbavuni kabla wengine hawajaona. Aliimba beti zote zilizobaki akiwa hivyo, nyayo zake zikiwa zimebaki sakafuni, huku nyuma yake kwaya nzima inaruka.

Kesho yake nilimrudishia fundi joho, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Akaugeuza mshono, akautazama.

"Uzi uliuleta wewe."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo uliniudhi kuliko joho lenyewe. Nilinunua uzi wa poliesta, wa kushonea hasa, nikasimama pale pale mpaka akapiga mishono miwili kila upande.

Nilikuwa nimechelewa. Wakubwa wa kwaya walikuwa wameshakaa kikao, wakamwambia mama kwa heshima zote kwamba wameona siku hizi mwili wake umechoka, kwa hiyo apumzike nyuma, aongoze mwingine mwenye nguvu. Nilipopata habari nikapanda hadi Makutupora siku hiyo hiyo nikawaeleze. Mama alinisimamisha mlangoni hata kabla sijamaliza shikamoo.

"Utawaambia nini? Kwamba mwanangu hajui uzi? Wacha waseme nimezeeka."

Nikasema hajazeeka, ni mshono tu uliomfunga, na mtu akisingiziwa uzee anyamaze kwa nini. Nilisema mengi, kwa sauti. Akaniomba niipunguze, ukuta wa jirani ni mwembamba. Kisha akalipokea joho, akavuta mshono kwa vidole viwili, ukashika, akalikunja.

Jumapili iliyofuata aliimba mstari wa nyuma kwa joho lake la zamani. Aliruka juu kuliko yule aliyepewa nafasi yake, na kila aliyenyoosha shingo aliweza kuliona hilo. Mimi nilikuwa benchini, nimefunga mdomo kama nilivyoagizwa.