Nyumba Chini ya Tuta

Nakumbuka asubuhi moja niliyoamka Watamu, nikafunga nguo zangu mbili kwenye kanga kuukuu ya mama, nikaondoka bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa kuwa hata mwenyewe sikukujua. Nilikuwa kijana wa kuosha vyombo hotelini. Shule niliiacha mapema, lakini udadisi haukuniacha. Nikiona njia ambayo sijaipita, nyayo huniwasha. Usinicheke, mwanangu. Kuna watu waliozaliwa na mizizi, na kuna sisi tuliozaliwa na miguu tu.

Nakusimulia safari hiyo kwa sababu nimesikia umechaguliwa kwenye kamati ya bwawa la kwenu, na kwamba wapo wanaotaka mlango wa maji uzibwe ili bwawa lijae zaidi. Kabla hujanyosha mkono kukubali, nisikilize mzee wako.

Nilidandia lori la chumvi hadi Kakuyuni, nikapata jingine, na kabla jua halijapanda sana nilikuwa nimeshapita Vitengeni. Huko lori likakwama penye kijito kilichofurika, maana mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, ikakatika usiku huo tu. Dereva akatandika gunia chini ya gari akalala. Mimi nikavua viatu nikaendelea kwa miguu, nikifuata sauti za watu wanaoimba.

Nikakuta kijiji kizima kimepanda juu ya tuta la bwawa. Lilikuwa bwawa la udongo, lililojengwa na babu zao kwa majembe na karai. Tuta refu lililoziba bonde kutoka kilima hadi kilima. Kando yake, penye mwamba, wale babu waliacha mlango, yaani mahali palipo chini kidogo kuliko tuta, ili maji yakizidi yapite hapo na kuangukia korongoni. Siku hiyo mlango ulikuwa umejazwa magunia ya udongo. Kiangazi cha mwaka uliotangulia kiliwamalizia ng'ombe, wakaapa kwamba mvua ikija halitapotea hata tone. Sasa maji yalikuwa yamebakiza shubiri chache kufika juu ya tuta, na watu walikuwa wanacheza.

Nami, mgeni niliyependa kupendwa, nikapiga kisigino kwenye udongo nikasema, "Hili halitikisiki hata kwa tingatinga." Wakacheka, wakanipa muhogo wa kuchemsha. Mwenyekiti wa bwawa, mtu mwema aitwaye Karisa, akanipigapiga begani kama ndugu yake.

Hapo ndipo nikamwona mwanamke mzee akipanda kutoka upande wa chini wa tuta, polepole, amebeba bakuli jeupe la bati lililojaa maji. Watu walimwita Hawe Sidi. Hawe kwao ni bibi.

"Shikamoo, Hawe," nikamwamkia.

"Marahaba. Ni wewe unayesema halitikisiki?"

"Ni mimi."

"Leo unalala wapi?"

"Bado sijajua."

"Basi nyamaza mpaka ujue."

Sikulielewa neno lile mpaka nilipoambiwa desturi yao. Pale, anayetunza tuta sharti ajenge chini yake. Mume wa Hawe Sidi alilitunza hadi kufa kwake, kisha yeye akaipokea kazi hiyo, na nyumba yao ilikuwa pale chini, mbuzi wake kando, wajukuu wawili ndani. Karisa alikuwa mwanawe wa kumzaa, lakini yeye alikuwa ameshajenga kilimani penye upepo, na mara nyingi amemsihi mama yake ahame. Mama hujibu, "Nikihamia juu, nitaliangalia tuta kwa macho ya wanaolala juu."

Kila asubuhi alikinga maji yanayochuruzika chini ya tuta. Tuta la udongo halikosi kutoa maji kidogo, mwanangu. Hilo si ajabu. Alikuwa anatazama rangi. Ndani ya lile bakuli, kwenye kitako, palichorwa ua jekundu. Akalishusha mbele ya mwanawe. Ua halikuonekana.

"Tuta likitoa maji safi, linatoka jasho," akasema. "Likitoa tope, linaliwa kwa ndani. Toeni magunia."

Karisa akajikuna shingo. "Mama, unataka tumwage maji, baada ya mwaka ule? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na udongo ukienda na maji, utauzoa wewe?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema limekaa tangu enzi za babu na halijaenda popote. Mwingine akasema kikongwe hutishwa hata na chura. Wazee wetu walituachia methali, usipoziba ufa utajenga ukuta, na wale waungwana walikuwa wameishika kwa nguvu hata wakaziba na mlango.

Hawe Sidi hakupaza sauti. Akafuta mikono kwenye leso yake, akawatazama wote, hata mimi mwenye muhogo mdomoni.

"Vyema," akasema. "Nyote mnaosema ni imara, leo mtalala kwangu. Mikeka ninayo. Njooni na wake zenu na watoto. Nitapika wali."

Maji yalikuwa yakilamba udongo karibu na nyayo zetu.

"Mimi mke wangu mjamzito, Hawe," akasema mmoja.

"Mlete. Nimezalisha wengi."

"Mimi nakoroma," akasema mwingine, na watu wakacheka, lakini kile kilikuwa kicheko kisicho na meno. Kila mmoja akaanza kutazama upande wa nyumba yake, na nyumba zote zilikuwa kilimani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Karisa alikuwa bado anaangalia bakuli. Kisha akavua shati, akaingia majini penye mlango, akashika gunia la kwanza. Nami nikamfuata, kwa aibu zaidi kuliko ushujaa.

"Moja moja," mama yake akatuelekeza, "anzeni juu. Mkiyafungulia kwa pupa yatachimba."

Maji yakaanza kupita juu ya mwamba, yakaangukia korongoni kwa kishindo. Wanawake kadhaa walilia wakiyatazama yakienda, na siwalaumu. Waliokuwa wakilia ndio waliochota matope mwaka uliopita. Alasiri maji yalipopungua, upande wa ndani wa tuta ukafichua shimo la kenge, na maji yalikuwa yanazunguka na kuzama humo. Tukaleta udongo wa kichuguu, tukaulowesha, tukaushindilia kwa miguu na magogo mpaka mzunguko ule ukafa. Bwawa lilibaki na maji mengi, mwanangu. Walidhani watayapoteza yote, kumbe walipoteza sehemu ndogo tu.

Jua lilipoinama, kila mtu akashika njia ya kwake. Mimi nikabaki nimesimama na kanga yangu. Hawe Sidi akaniuliza tena, "Leo unalala wapi?"

"Kwako, Hawe, ukinikubalia."

"Sasa unaweza kusema habari za tuta," akasema, akanitangulia kuteremka.

Tulipokuwa tunakula, mlango ukagongwa. Alikuwa Karisa, na mkeka wake kwapani. Mama yake akamsogezea sahani. Asubuhi alikinga maji yake, akaliweka bakuli juani, sote tukainama juu yake kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Ua jekundu lile pale, na jani lake. Hawe Sidi akacheka kwa mara ya kwanza, akayanywa maji yote. Nilidhani nitalala siku moja, nikalala msimu mzima.

Basi nasaha yangu ni hii. Kila chenye kushika kwa nguvu kipewe njia ya kuachilia, na anayeachilia kidogo kwa wakati wake asiitwe mwoga. Usikidharau kitu kwa kuwa kimezeeka, wala usikiamini kwa sababu hiyo tu. Kikague wewe mwenyewe, kila siku, hata pasipo na mvua. Na kwenye kamati yako, mtu akisimama kusema tuta ni imara, muulize kwa adabu analala wapi. Lakini jiulize wewe kwanza.

Mungu akupe mvua ya kukutosha, mwanangu, na mlango wa kuipitishia inapozidi. Kila asubuhi uamke ulione ua lako.