Mchanga Mweusi wa Ruguru

Ukimtafuta Ruguru hapa Gachoka, usihangaike kwenda kwake. Teremka mtoni. Ni mjane, jirani yangu, na tumechota mchanga pamoja tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Mchanga wa kawaida tunauzia malori. Ule mweusi, mzito, unaobaki kwenye kona ya mto mvua ikipita, Ruguru hakuuza hata karai moja. "Huu hauna udongo," alisema. "Huu ni wa nyumba yangu." Tulimtania kwamba ameolewa na mchanga. Kusema kweli, nilimwonea wivu.

Mwanawe Njiru alipooa, Ruguru alimjengea chumba cha mawe, akakipiga plasta kwa mchanga ule mweusi, kwa mikono yake mwenyewe. Mwezi uliopita mke wa Njiru, Igoki, alijifungua msichana. Huku kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo naye ni Ruguru. Na mzazi aliyetoka kujifungua huku kwetu hapigwi na baridi: mlango ulifungwa, na dirisha moja lililokuwepo likazibwa kwa blanketi.

Ndipo akaja Kananu, msichana wa Meru anayesomea mawe chuoni, na mashine yake ya kupima mionzi, kuukagua mchanga wa mto wetu. Mchanga wa malori aliupima, hakuona neno. Alipoingia kwa Igoki alipima ukuta, akapima tena.

"Shosho," alimwambia Ruguru, "mchanga huu mweusi una mionzi yake ya asili. Hauui leo wala kesho. Lakini unatoa hewa isiyonuka, na chumba kikifungwa hewa hiyo inajaa. Mtu akiivuta miaka mingi, inaweza kumharibia mapafu. Hapa panataka upepo uingie huku, utokee kule."

"Na mtoto je?" nilimkaripia, kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta.

"Bado mapema, mama. Mpeni hewa."

Ruguru alichukua mtaimbo, akaniwekea mtoto mikononi, akatutoa wote nje. Alibandua blanketi, kisha akaanza kuupiga ukuta wa upande wa pili, pale alipokuwa ameilainisha plasta kuliko kwingine kote. Nililia pale uani, sikuona haya.

Tundu lilipotosha kichwa, alichungulia, uso umejaa vumbi.

"Wajina," alimwambia mtoto, "nilikuwekea ule mzuri."