Kona ya Mbele ya Kabati

Mimi hushona makochi Keko, kando ya barabara, na banda linalofuata ni la Albano, fundi makabati aliyetoka Newala na msumeno mmoja. Ni mbishi, na mimi sina subira, kwa hiyo tunaelewana.

Masika yaliyopita tulikuwa tunakimbiza kochi langu ndani, mvua imetushukia ghafla. Yeye mbele, mimi nyuma. Nikateleza, nikaachia. Uzito wote ukamwangukia bega la kulia. Mtaani akasema ameteleza bafuni, nami nikanyamaza. Niliona aibu kila nilipomwona akivaa shati kwa mkono mmoja.

Demetria, mtaalamu wa viungo hospitalini, alimweleza mbele yangu. "Mshipa wa bega umechanika nusu. Ukikatika wote, kazi ya randa basi. Jenga misuli inayolizunguka, lakini kwa mashine tu, maana mashine ina njia yake, haiyumbi. Na kiwiko kisipande juu ya bega ukiwa na uzito. Hata siku moja."

Basi tukaanza kwenda jimu ya mtaa wa nyuma, jioni tatu kwa wiki. Mashine ya kuvuta kuja kifuani, kisha ya kusukuma mbele. Pini ya uzito tuliichomeka kwenye kilo tano, vijana wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nahesabu, akipumzika, navuta mimi. Bega likiuma tunaacha, lisipouma tunaongeza kidogo baada ya wiki mbili. Siku moja nimetoka kunywa maji, narudi namkuta amekaa kwenye mashine ya kusukuma juu, ile aliyokatazwa. Nilichomoa pini nikaondoka nayo mfukoni mpaka nyumbani. Hatukusemezana siku mbili.

Kufika Novemba alikuwa anasukuma kilo thelathini. Kifua kikajaa, fulana zikambana. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza upya, kwa sababu bega lilikuwa halijapona, ila kwa macho ya watu mwenye bega amepona kabisa.

Mtaani kwetu kabati likiuzwa, fundi mwenyewe ndiye hushika kona ya mbele kulipandisha garini. Akishika mwingine, mteja huanza kujiuliza fundi anaogopa nini kwenye kazi yake. Tangu aumie, Albano alikuwa anatengeneza stuli na meza ndogo. Jumamosi moja ya Desemba ndipo likatoka kabati lake la kwanza, mninga mtupu, milango mitatu. Mteja alikuwa mama mmoja wa Bunju, amekuja na lori lenye bodi iliyoinuka juu.

Watu watatu wakashika kona zao. Ya mbele ikabaki wazi.

"Vipi braza, kifua chote hicho cha kupigia picha?" Mashaka, fundi wa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti.

Albano akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkataza. Akashika.

Mpaka kiunoni, sawa. Mpaka kifuani, sawa, na kusema kweli nilijivunia. Lakini bodi ya lori ilikuwa juu zaidi. Kiwiko kikaanza kupanda. Jasho likamtoka, kiwiko kikafika usawa wa bega.

"Shusheni," akasema. Sauti haikutoka vizuri, wenzake wakaendelea kuinua.

"Shusheni!" nikapiga kelele. Kabati likarudi chini.

Mama wa Bunju akakunja uso. "Fundi, mbona unaliogopa? Kabati langu lina nini?"

"Halina kitu, mama. Ni bega tu. Niliteleza ba..."

"Hakuteleza bafuni," nikamkata. "Niliachia kochi mie, likamwangukia. Miezi minane ananisitiri, na nyie mnamcheka."

Mashaka akajifanya anatafuta msumari. Nikajifunga kanga vizuri, nikaenda kwenye kona ya mbele, nikaingiza vidole chini ya mninga. Tukainua. Kiunoni. Kifuani. Mikono ikaanza kuniwaka moto, na bodi bado iko juu.

Albano akasogea nyuma yangu, akaanza kunihesabia kama ninavyomhesabia yeye.

"Moja. Mbili. Usiachie, Jesca."

Sikuachia.